Swali la Basi la Korogwe: Kuyapokea Maswali ya Watoto juu ya Anga na Mwendo

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumtazama mwanachuo wetu aliyepangiwa shule ya msingi katika wilaya ya Handeni. Somo lilikuwa sayansi, Darasa la Tano, na mada ilikuwa jua na sayari zake. Andalio la somo lilikuwa safi, michoro ya ubaoni ilikuwa mikubwa na ya kusomeka mpaka dawati la mwisho, na kijana alikuwa na sauti ya kutosha. Alieleza kwamba dunia hujizungusha katika mhimili wake kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwamba mzunguko mmoja ndio usiku na mchana wetu. Kisha akauliza kama kuna swali.

Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akasimama. Akasema: "Mwalimu, Korogwe iko mashariki. Kama dunia inakwenda mashariki, basi la asubuhi lingechelewa kufika, maana Korogwe inalikimbia. Na jioni likirudi lingewahi, maana Handeni inakuja kulilaki. Mbona muda ni ule ule?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu kidogo, akatazama saa, akamwambia mtoto aketi na asipoteze muda wa wenzake, kwa kuwa mambo ya mabasi hayamo katika mtihani. Kipindi kilikuwa kimebakiza dakika 14. Katika dakika hizo mwalimu aliuliza mara mbili zaidi kama kuna swali, na hapakuwa na mkono hata mmoja.

Baada ya kipindi tuliketi na mwanachuo chini ya mwembe kujadili somo. Tulipomwuliza kwa nini hakulijibu swali lile, hakutafuta visingizio. "Mkufunzi, kusema kweli sikulijua jibu," alisema. Yatupasa nasi kukiri jambo ambalo hatukuliandika katika fomu ya tathmini: tulipokuwa tumeketi nyuma ya darasa na kalamu mkononi, hatukuwa na jibu tayari. Tulijua kwamba hoja ya mtoto ina kasoro mahali fulani, lakini mahali hapo tulipaona tulipokuwa njiani kurudi chuoni. Makala haya yametokana na safari hiyo.

Swali lenyewe lina thamani kuliko lilivyochukuliwa. Kutoka Handeni mpaka Korogwe kwa barabara ni kilometa zipatazo 65. Katika latitudo yetu uso wa dunia huenda mashariki kwa kasi inayozidi kilometa 1,600 kwa saa. Mtoto hakuwa na tarakimu hizi, lakini alichukua maneno ya mwalimu, akayapeleka kwenye barabara anayoijua, akaona kwamba hayaafikiani na mambo anayoyaona kila siku. Hiyo ndiyo kazi ya mwanasayansi. Hoja ya namna hii iliwasumbua wataalamu kwa karne nyingi: waliokataa kwamba dunia inazunguka walisema kwamba jiwe lililoangushwa kutoka juu ya mnara lingepaswa kuanguka mbali upande wa magharibi, kwa sababu mnara ungekuwa umekwisha kwenda zake. Galileo wa Italia alilijibu jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1632 kwa mfano wa chumba ndani ya merikebu: merikebu ikienda taratibu bila kuyumba, matone ya maji yanayodondoka humo huanguka palepale yangalipoanguka kama merikebu ingekuwa imetia nanga. Kila kilichomo chomboni kina mwendo wa chombo tayari.

Basi, barabara, abiria, hewa na mji wa Korogwe vyote vina mwendo ule ule wa kwenda mashariki, hata kabla dereva hajawasha injini. Mwendo wa basi ni nyongeza ndogo juu ya huo. Kwa hiyo Korogwe hailikimbii basi, kama vile kiti cha mbele cha basi kisivyomkimbia mtoto anayekisogelea kutoka kiti cha nyuma.

Jambo hili laweza kuonyeshwa bila zana ya kununua. Mwanafunzi mmoja ashike chungwa, atembee kwa haraka na kwa mwendo ulio sawa katika uwanja, na aliachie lianguke bila kulirusha wala kusimama. Wenzake wawili wasimame pembeni watazame litakapogusa ardhi. Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi aseme anatazamia lianguke wapi. Wengi watasema nyuma yake. Litaanguka karibu na mguu wake, kwa sababu chungwa lilikuwa likienda naye. Asitumie karatasi wala unyoya, kwa kuwa hewa itavizuia na darasa litapata jibu la uongo. Na anayeliachia asilisukume. Twashauri mwalimu afanye mazoezi mwenyewe siku moja kabla, maana mkono wa mtu hupenda kusaidia.

Tumesema kwamba baada ya mtoto yule kuketishwa hapakuwa na mkono mwingine. Mwanachuo aweza kudhani kwamba hilo ni jambo dogo la kipindi kimoja. Hapa mkoani kwetu tunao mfano unaoonyesha uzito wake, na ni ajabu kwamba watu wa mbali huutaja mara nyingi kuliko sisi.

Kutoka Mombo, barabara hupanda milima ya Usambara mpaka Lushoto, na mbele kidogo ya mji huo ipo Magamba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya sekondari ya hapo. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaweka katika jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa haba. Siku moja, kwa kuhofia kuikosa, Mpemba aliyaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu alikuta yake yameganda, na ya mwenzake ambayo hayakuingizwa yakiwa ya moto yangali uji mzito. Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye huyaingiza maziwa yakiwa ya moto makusudi, kwa kuwa huganda upesi.

Mpemba alipoendelea na masomo katika shule ya Mkwawa, Iringa, wakafika kwenye kanuni ya upoaji wa vitu. Akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na kuanzia hapo kila alipokosea hesabu darasani, mwalimu na wanafunzi walimtania kwa maneno kama hayo. Hata hivyo hakuliacha. Siku moja Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alizuru shule hiyo na akawakaribisha wanafunzi waulize. Mpemba alisimama akauliza: ukichukua vyombo viwili vilivyo sawa, chenye maji ya nyuzi 35 za sentigredi na chenye maji ya nyuzi 100, ukavitia katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake waliona haya kwa niaba yake.

Twaomba wanachuo watazame alilolifanya mgeni yule. Hakusema ndiyo wala siyo. Alimwuliza kama ameliona kwa macho yake, akasema kwamba hajui sababu, na akaahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara alifanye jaribio. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, lakini akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Walirudia, na matokeo yakawa ya namna ile ile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza, na tangu hapo jambo hilo limeitwa duniani kwa jina la Mpemba.

Mambo mawili yanafaa kuongezwa ili tusigeuze habari hii kuwa hadithi tamu tu. Kwanza, Aristotle wa Ugiriki ya kale, na baada yake Francis Bacon na Descartes, waliwahi kuandika habari za maji ya moto kuganda mapema; kwa hiyo walimu waliocheka walicheka jambo lililokuwa limekwisha kuandikwa zaidi ya miaka elfu mbili nyuma. Pili, jambo lenyewe halijamalizika. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kulieleza, na maelezo zaidi ya 22,000 yakaletwa. Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha utafiti uliopinga kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi, wakaonyesha jinsi tofauti ndogo ya mahali pa kuweka kipimajoto inavyoweza kuleta matokeo ya kupotosha. Mwalimu akiulizwa leo kama Mpemba alikuwa sahihi, jibu la kweli ni kwamba aliona alichokiona, na wataalamu wangali wakibishana ni katika hali gani hutokea na kwa sababu gani. Hatuoni kwamba hili lapunguza haki ya mvulana yule kusikilizwa.

Tukirudi darasani, maswali ya watoto juu ya anga hayafanani, na mwalimu akiyatendea yote namna moja atachoka. Mengine ni ya habari tu: mwezi uko mbali kiasi gani, nani alifika huko kwanza. Hayo hujibiwa kwa sentensi moja na somo likaendelea. Ni kilometa zipatazo 384,000, na ni Neil Armstrong mwaka 1969. Mengine ni ya imani, kama vile nani aliyeziweka nyota. Hapo mwalimu hana sababu ya kushindana na shehe wala padri. Yatosha kueleza kwamba katika somo la sayansi tunatafuta namna vitu vinavyokwenda, na kumwacha mtoto alipeleke swali hilo kwa wazazi wake. Aina ya tatu ndiyo inayotushughulisha, nayo ni yale maswali ambayo mtoto ameona kitu ambacho hakipatani na kitabu.

Mwezi mwandamo ni mfano wa karibu sana. Vitabu vingi vyenye michoro iliyotoka Ulaya huonyesha hilali imesimama wima. Mtoto wa Korogwe anayetoka nje jioni kuutafuta mwezi wa Ramadhani huona hilali imelala, pembe zake zikielekea juu kama mtumbwi. Akisema hivyo darasani, aghalabu huambiwa atazame kitabu vizuri. Ilhali aliyeona vizuri ni yeye. Upande unaong'aa wa mwezi huelekea kwenye jua, na katika nchi zilizo karibu na ikweta jua hushuka karibu wima wakati wa kuchwa; kwa hiyo jua likiisha kuzama liko chini ya mwezi, nao huangazwa kwa chini. Katika nchi za kaskazini jua huchwa kwa mshazari, na hilali husimama zaidi. Mchoro wa kitabu si wa uongo, ila umechorwa na mtu aliyesimama mahali pengine.

Jambo kama hilo hutokea kwa kivuli cha mchana, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ni somo ambalo kila mwanachuo aweza kulifundisha akiwa na fimbo tu. Mara nyingi watoto huambiwa kwamba saa 6 mchana jua huwa utosini na kivuli hutoweka. Mtoto akitoka saa 6 kamili akakitazama kivuli chake, atakikuta kipo, na tena hakijawa kifupi kuliko vyote.

Simika fimbo iliyonyooka ili urefu wa mita 1 uwe juu ya ardhi, mahali tambarare pasipo kivuli cha mti. Ihakikishe kwa uzi uliofungwa jiwe kwamba imesimama wima. Ukiwa na uzi mwingine uliofungwa chini ya fimbo, chora duara la nusukipenyo cha sentimeta 80. Asubuhi kivuli ni kirefu kupita duara, nacho hupungua. Weka kijiti pale ncha inapogusa duara, na uandike saa. Alasiri kivuli hurefuka tena; weka kijiti cha pili ncha inapogusa duara upande wa pili, na uandike saa. Mstari unaoigawa nafasi ya vijiti viwili nusu kwa nusu kupitia kwenye fimbo ni mstari wa kaskazini na kusini, na katikati ya saa hizo mbili ndipo jua lilipofikia kilele. Tuseme kwamba siku ya mwisho wa Juni kijiti cha kwanza kiliwekwa saa 4 na dakika 41 na cha pili saa 8 na dakika 15. Muda wa katikati ni saa 6 na dakika 28.

Njia hii ni bora kuliko kukikodolea macho kivuli ili kujua dakika kilipokuwa kifupi, kwa kuwa karibu na kilele urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, na ncha yenyewe ina ukungu. Ukungu huo pia utaulizwa. Jua si nukta, ni duara lenye upana angani, na kila sehemu ya duara hilo hutupa kivuli mahali tofauti kidogo.

Dakika 28 hizo zatoka wapi? Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haipiti kabisa katika Tanzania. Hupita karibu na Mogadishu. Korogwe iko katika nyuzi 38 na nusu hivi. Dunia hugeuka uzi 1 kwa dakika 4, basi nyuzi 6 na nusu ni dakika 26. Jua hufika Korogwe dakika 26 baada ya kupita katika mstari ambao saa zetu zinaufuata, na hufika Handeni karibu dakika 2 baada ya Korogwe. Dakika nyingine chache huongezeka au kupungua kwa majira ya mwaka, kwa kuwa njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama: katikati ya Februari kilele chaweza kuwa saa 6 na dakika 40, na mwanzoni mwa Novemba saa 6 na dakika 10. Hili la mwisho si la Darasa la Tano. Tumelileta ili mwalimu asifadhaike atakapoona kipimo chake hakilingani na hesabu, akadhani watoto wamekosea.

Kivuli cha adhuhuri chenyewe hugeuka. Mwishoni mwa Juni, jua likiwa kaskazini yetu, fimbo ya mita 1 hutupa kivuli cha sentimeta 54 hivi kuelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba hutupa kivuli cha sentimeta 33 kuelekea kaskazini. Katikati zipo siku mbili, karibu na tarehe 7 Machi na tarehe 6 Oktoba, ambapo jua hupita utosini hasa, na kivuli cha fimbo hujikusanya chini yake. Siku hizo za kivuli kutoweka zinafaa ziwekwe katika azimio la kazi tangu mwanzo wa mwaka, kama mtu anavyoweka siku ya mkutano wa wazazi. Tuliwahi kuona darasa zima likishangilia kivuli kilichopotea, na mwalimu mkuu akatoka ofisini kuuliza kuna nini. 

Kuna maswali ambayo hatari yake ni kwamba mwalimu analo jibu, nalo si sahihi. La kawaida kabisa ni hili: kwa nini wanaanga huelea ndani ya chombo chao? Karibu kila mwanachuo tunayemwuliza hujibu kwamba huko juu hakuna uvutano wa dunia. Lakini kituo cha anga cha kimataifa huzunguka katika kimo cha kilometa 400 hivi, umbali ulio pungufu ya safari ya barabara kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na uvutano wa dunia huko ni karibu tisa ya kumi ya huu wa kwetu. Kama usingekuwapo, chombo kingenyoosha njia kikapotea. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja. Chombo kinakwenda pembeni kwa kasi ya kilometa zipatazo 28,000 kwa saa, kwa hiyo kila kinapoanguka, ardhi nayo hupinda chini yake, na anguko halifiki mwisho.

Toboa kopo tundu moja karibu na kitako, lizibe kwa kidole, ulijaze maji. Ukiondoa kidole, maji hutoka kwa mchirizi. Sasa simama juu ya kiti au ngazi, ondoa kidole, na uliachie kopo lianguke. Watoto watazame tundu. Katika muda ule mfupi wa kuanguka maji hayatoki, kwa kuwa kopo na maji yanaanguka kwa kasi moja, na maji hayakigandamizi kitako. Jaribio huhitaji kurudiwa mara nne au tano ndipo macho yazoee. Vaa nguo usizozijali.

Maswali mengine ya fizikia hayahitaji anga. Watoto wa Mombo wenye ndugu milimani huuliza kwa nini maharage huchelewa kuiva Lushoto ilhali kuni ni zile zile. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa nyuzi 95 badala ya 99 za Korogwe. Kuongeza kuni huongeza mvuke, si joto la maji.

Tunafahamu mambo watakayotujibu wasomaji. Kipindi ni cha dakika 40, darasa lina watoto sabini au zaidi, na mtihani unangoja. Tumefundisha katika hali hizo na hatuzidharau. Mwalimu hawezi kusimamisha somo kwa kila swali, na wapo watoto hodari wa kuuliza ili muda wa zoezi upite. Lakini baina ya kulijibu swali papo hapo na kulifukuza ipo njia ya tatu, nayo huchukua nusu dakika. Mwalimu alirudie swali kwa sauti ili darasa lijue limesikika. Aliandike katika daftari lililotengwa kwa kazi hiyo, pamoja na jina la mtoto. Kama halijui jibu, aseme halijui, ataje siku atakayolirudia, na siku hiyo alirudie. Sharti hili la mwisho ndilo gumu. Mwalimu asemaye "nitalitafuta" kisha asilirudie amefanya vibaya kuliko aliyesema "keti", kwa sababu amewafundisha watoto kwamba neno hilo ni la adabu tu.

Baadhi ya wanachuo huogopa kwamba kusema "sijui" kutawavunjia heshima, hasa vijijini ambako mwalimu hutazamwa kama kisima cha elimu. Hofu hiyo si ya kijinga. Hata hivyo mwalimu aliyebahatisha hugunduliwa baadaye, mara nyingine na kaka wa mtoto aliye sekondari, na hapo heshima huondoka pamoja na somo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaja akili ya udadisi kuwa miongoni mwa mambo ambayo elimu yetu yapaswa kumjengea mtoto. Wanachuo wetu huliandika hilo katika mitihani yao bila kukosea, kisha huliacha katika chumba cha mtihani.

Mwanachuo wa Handeni alirudi darasani Alhamisi iliyofuata. Tulikuwa tumemwambia aamue mwenyewe kama atalirudia swali, na hatukuwapo. Kwa maelezo yake, alianza kwa kuwaambia watoto kwamba wiki iliyopita aliulizwa swali zuri ambalo hakuwa na jibu lake, akalirudia kama lilivyosemwa, na akampa msichana yule chungwa aende nalo uwanjani. Lilianguka kando ya mguu wake mara tatu kati ya nne. Mara ya nne alisimama mapema. Kisha wakarudi ndani, na mwalimu akaeleza habari za basi, barabara na hewa kwamba vyote huenda pamoja.

Mikono mitano ilinyanyuka. Wa kwanza aliuliza kama panzi akiruka ndani ya basi atagonga kioo cha nyuma. Msichana wa dirishani alikuwa wa mwisho. Alisema amekubali kuhusu basi, kwa kuwa magurudumu yameshika barabara. Lakini ndege hazishiki kitu chochote, na kaka yake alimwambia kwamba ndege kubwa za Ulaya na Marekani hutumia saa nyingi kwenda upande mmoja kuliko kurudi. Je, hapo dunia haihusiki?

Mwanachuo aliliandika katika daftari, akasema halijui, akataja Jumatatu. Jioni ile alitupigia simu. Tulimweleza kwamba hewa ya chini huenda pamoja na dunia kama alivyofundisha, ila katika latitudo za kati, kilometa kumi hivi juu, zipo pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege inayofuatana nazo hufika mapema. Alituuliza pepo hizo zinasukumwa na nini. Tulimwambia kwamba kuzunguka kwa dunia kumo ndani yake, kwa namna inayohitaji saa nzima na ubao, na kwamba aje chuoni Jumamosi na daftari lake.